Kijana wa Birere hana mahali pa kuandikwa

Kama unapitaka Birere, mtaa wetu wa Goma, asubuhi, upande wa magazini za vitenge ukielekea Petite Barrière, mpaka wa Rwanda, labda umeshamuona. Ana miaka 28, labda 30, nani anajua, mguu mmoja sapatu mwingine buti ya plastiki, anabeba mifuko tupu ya sukari ndani ya mfuko mwingine mkubwa. Haombi kitu. Ukimpa noti ya faranga mia tano anaikunja, anaikunja tena, mpaka inakuwa ndogo kama kidonge, alafu anaitia ndani ya sikio na anaendelea na safari yake.

Miaka karibu miwili nilimpita kila siku nikijua ni mwenye wazimu, kama vile kila mtu Goma anavyojua bila kuuliza. Siku moja mama anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwa Kivu, anayechukuaka mzigo wake soko ya Kituku kando ya ziwa alfajiri na kupanda nao juu ya pikipiki, aliweka beseni yake karibu naye. Kijana alikuwa anafunga uzi kwenye mfuko wake uliopasuka, huku anaimba kwa pua, ile sauti isiyo na maneno. Mama akaacha kunipimia. Akaniambia: "Papa, ule mutoto haiko wa hapa. Sikia vile anaimba, ni vile bale ba kuvua banaimbaka usiku. Na angalia ile fundo." Nikaangalia, kumbe ni kweli, vidole vyake vilikuwa vinashona mfuko kama nyavu, fundo moja baada ya lingine, zote sawa, haraka kuliko mimi ninavyofunga kamba za viatu. Mama akainama, akamuuliza kitu kwa Kihavu. Kijana akacheka, akapiga makofi.

Ndio hivo tulivyojua kwamba kwao ni ng'ambo ya ziwa, kisiwa cha Idjwi. Miaka miwili barabarani, na aliyemsoma hakutoka kwenye biro (ofisi) yoyote, ni mama wa sambaza mwenye haraka zake.

Nimefikiria sana ile asubuhi, na kadiri ninavyofikiria naona tatizo letu ni moja. Goma tunajua sana kutafuta familia za watu waliopotea, pengine kuliko mji mwingine wowote Congo, ila huo ujuzi wote tumeupanga kwa kipimo cha umri. Mtoto akipotea kuna mlango wake. Mtu mzima mwenye akili ya mtoto akipotea, anafika mbele ya mlango uleule na anaambiwa ni mkubwa.

Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, jumamosi ile ya tarehe 22 usiku, watu walikimbia kila upande, wengine Sake, wengine Gisenyi, na siku tano baadae gavana akatangaza sehemu kubwa ya mji uhame, tukakimbia tena mara ya pili. Mamia ya watoto walipotezana na wazazi. Na mliona kazi iliyofanyika, watu wa Croix-Rouge (Msalaba Mwekundu) na UNICEF na makanisa, meza kando ya barabara, megafoni, majina yanasomwa, mtoto anaulizwa mama anaitwa nani, kanisa lenu liko karibu na nini, mwalimu wako ni nani. Baada ya wiki chache wengi sana walikuwa wamerudi nyumbani. Hii kazi ni ya zamani, CICR, ile Croix-Rouge ya kimataifa, wana agence yao ya kutafuta watu tangu vita ya Ufaransa na Prussia mwaka 1870, na hapa kwetu vita zimewapa mazoezi ambayo hakuna mtu angeyaombea. Nchi yenyewe ina sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009 inayosema mtoto wa namna hiyo anapashwa kulindwa kwa namna ya pekee. Yani karatasi iko, watu wako, mbinu ziko.

Sasa mchukue yule kijana wa Birere. Nilimpeleka kwenye biro moja, sitaji jina kwa sababu waliokuwa pale hawakuwa watu wabaya, na swali la kwanza lilikuwa miaka ngapi. Nikasema kama 30. Dada aliyekuwa na bic mkononi akaiweka chini, polepole, kama mtu anayeona aibu kidogo. Pahali pengine waliniuliza kama anatumia dawa, ni mgonjwa wa nini, nikasema sijui kama ni mgonjwa, wakasema basi tumlete siku akichafuka. Akichafuka! Yani mtu ambaye hapigi, hatukani, halali chini ya gari ya mtu, hana dosie kwa sababu hasumbui.

Hapa kuna kitu tunachanganya wote, hata sisi tuliosoma, na ndipo mambo yanapoharibikia. Ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili ni vitu viwili. Mgonjwa alikuwa mzima, akaugua, anasikia sauti, anakimbia nyumbani, na akitibiwa anaweza kurudi kuwa mtu aliyekuwa. Kwa ugonjwa huo tuna pa kwenda: Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna Sosame, Lubumbashi kuna kituo cha Docteur Joseph Guislain, vyote ni kazi ya Frères de la Charité, watawa Wakatoliki, na Bukavu jina la Sosame limeshakuwa matani, ukiongea ovyo unaambiwa wewe watakupeleka kule. Ulemavu wa akili ni kitu kingine. Mtu amezaliwa hivo au imemkuta mdogo, mama aliteswa na uzazi siku mbili mtoto akakosa hewa, au malaria ilipanda kichwani, au meninjiti, au ni ile trisomia (Down syndrome) tunayoonaga sura yake. Hakuna sindano ya kumrudisha pahali alipokuwa kwa sababu hajatoka pahali popote, yeye ni huyo.

India kuna daktari anaitwa Bharat Vatwani, yeye na mke wake walianza mwaka 1988 kuokota wagonjwa wa akili barabarani Mumbai, kuwatibu na kuwarudisha kwao, kazi iliyompa tuzo ya Magsaysay mwaka 2018. Njia yao inaeleweka: unampa mtu dawa, unamlisha, unamuosha, wiki zinapita, na siku moja anaamka anakwambia naitwa fulani, natoka kijiji fulani, nina mke. Dawa inafungua kumbukumbu na kumbukumbu inatoa adresi. Nzuri sana, na ningependa tuige. Lakini kwa kijana wetu hiyo njia inakatika katikati. Hata ukimlaza miezi sita hatasema adresi, maana hakuwahi kuishika. Anachojua ni mama, ni sahani yake, ni harufu ya samaki wakikauka, ni njia ya kwenda mtoni. Kwao kwake si jina la groupement, lile kundi la vijiji. Kwa hiyo kazi ya kukumbuka lazima ifanywe na watu wengine, na hao wengine ndio hatujawaweka popote.

Hukohuko India wamegundua kitu kingine kwa bahati tu. Wana ile karte ya Aadhaar inayochukua alama za vidole za karibu kila mtu, sasa vituo vilipojaribu kuwaandikisha watu waliookotwa, mashine ikakataa ikisema huyu vidole vyake viko tayari, ana jina, ana kijiji. Watu waliopotea miaka wakarudi nyumbani kwa njia hiyo. Ukisikia hivi unatamani, alafu unakumbuka uko Congo. Sisi hesabu ya mwisho ya watu ilikuwa 1984. Karte ya uraia tunaisikia kwenye redio, kila mtu anatembea na karte ya kura, na karte ya kura unaipata ukipiga foleni, ukijibu maswali, ukitaja baba na babu. Nani atampeleka huyu kwenye foleni ya kura? Sheria ya uchaguzi yenyewe inawaondoa wale ambao daktari amethibitisha kwamba akili haiwawezeshi kabisa. Siwezi kubishana sana na hilo leo, ila angalia matokeo: karte pekee tuliyonayo ni ile ambayo yeye hawezi kuwa nayo. Watu wa Masisi na Rutshuru wengi nao walikosa uandikishaji wa 2023 kwa sababu ya vita, basi hata mashine ya India ukiileta kesho haitakuwa na kitu cha kulinganisha.

Kinachobaki ni masikio na macho. Na nawaambia, si kidogo. Mtu asiyejua kutaja kijiji bado anabeba kijiji mwilini. Msalimie kwa Kinande, mwambie "wabukire", uone kama uso unabadilika. Jaribu Kihunde, jaribu Mashi, jaribu Kinyarwanda, polepole, siku tofauti, maana ukimrushia lugha tano kwa mara moja unamtisha tu. Mpe sombe (majani ya muhogo) uone kama anangoja bugali au anatafuta ndizi. Mtu wa ng'ombe anasimama tofauti ng'ombe wakipita. Mwimbie nyimbo za kanisa, Wakatoliki hivi, Waadventista hivi, Wapentekoste wa CEPAC vile, wengi wasioweza kusema jina lao wanaweza kumaliza kiitikio. Hii yote ni ujuzi ambao mji kama Goma unao bure, hapa kila mtu ametoka pahali, kila avenyu ina mtu wa Walikale na mtu wa Kalehe na mtu wa Butembo. Kazi ni kumkalisha yule mtu karibu na watu sahihi kwa saa nzima bila kumcheka.

Bila kumcheka, nasema, kwa sababu siku hizi tunachofanya ni foto. Mtu anampiga foto, anaitupa WhatsApp, "mnamjua huyu?", inazunguka magrupe mia, haina tarehe, haina pahali, haina namba ya kupigia, baada ya miaka mitatu bado inazunguka na mtu mwenyewe ameshakufa au ameshapatikana. Wengine wanawafanyisha mchezo wa kuchekesha TikTok, wanamuuliza rais wa Congo ni nani ili tucheke. Na kuna hatari ambayo watu hawaisemi: foto ikienda wazi, yeyote anaweza kuja kusema huyu ni mdogo wangu. Kwa mwanamke ni mbaya zaidi, msichana mwenye ulemavu wa akili anayelala nje hapa kwetu, sihitaji kueleza, mnajua tunaishi wapi. Wanaofanya hii kazi vizuri hawatoi habari zote, wanabakiza kitu kimoja, kovu liko wapi, jino gani halipo, na anayekuja kudai ndiye anapashwa kukitaja. Halafu wanaangalia sura ya mwenyewe anapomuona huyo anayeitwa kaka. Akijificha, stop.

Vita imeongeza deni. Siandiki siasa leo, lakini Januari 2025 mji ulipobadilika mkono na Februari kambi za wakimbizi wa vita kama Bulengo na Lushagala zikavunjwa, watu waliambiwa warudi kwao ndani ya siku chache, na wewe fikiria mama mwenye watoto sita, sufuria, bâche, na kijana mkubwa ambaye akisikia kelele anakimbia upande wowote. Mama atashika mkono wa nani? Watoto wadogo wanafungwa mgongoni. Mkubwa hafungwi. Tangu hapo naona sura mpya Ndosho, Virunga, hata Majengo kwetu, na wengi wao ukiwaangalia vizuri si wagonjwa. Wamepotea tu.

Turudi kwa kijana. Mama wa sambaza alituma habari kwa wavuvi, wavuvi wakapeleka, siku kumi na moja baadae ikarudi simu: iko familia kaskazini mwa kisiwa, mtoto wao alipanda mtumbwi wa watu wa mananasi akaenda sokoni nao, hawakumuona tena. Walikuwa wameshamfanyia matanga. Tulichanga pesa ya boti, tukavuka naye, na nitasema kitu kimoja tu cha ile siku: kabla boti haijagusa udongo alisimama, akavua ile sapatu na ile buti ya plastiki, akazitupa zote mbili majini. Kaka yake mkubwa alimshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayepima papai. Mama yake alikuwa ameshakufa, mwaka uleule wa kwanza.

Nilipokuwa pale nilikumbuka jambo ambalo daktari mmoja rafiki yangu aliwahi kunieleza, kwamba Idjwi inajulikana kwenye vitabu vya udaktari dunia nzima. Miaka ya 1960 watafiti wa Ubelgiji walikuja pale kuchunguza rovu, ile uvimbe wa shingo, na watoto waliozaliwa na akili nzito kwa sababu ya ukosefu wa iode (madini joto). Waliona rovu imejaa kaskazini kuliko kusini-magharibi, wakati iode ilikosekana pande zote mbili, wakaanza kushuku muhogo, ule usiotengenezwa vizuri. Baadae chumvi yenye iode ikaja. Sisemi kijana wetu ni wa hiyo, sijui yake ni nini. Ila niliona ajabu kwamba wataalamu walivuka ziwa kwenda kuhesabu hawa watu, na mmoja wao akivuka ziwa kuja kwetu hakuna wa kumhesabu.

Sasa sehemu ambayo makala nyingi zinaiacha, maana foto ya kukumbatiana imeshapatikana. Baada ya miezi mitano kijana alikuwa Birere tena.

Nilikasirika na familia, nakiri. Nikampigia kaka, nikaongea kama bwana mkubwa. Akaninyamazia mpaka nimalize, ndio akasema, "Yaya, mimi niko na watoto saba na shamba moja. Anaanguka kifafa, mara tatu kwa wiki, ameanguka ndani ya moto. Mulituletea mutu, hamukuleta dawa." Nikakosa la kujibu. Kifafa kinatembea sana pamoja na ulemavu wa akili, kila muuguzi anajua, na phénobarbital, dawa yake, ni kati ya dawa za bei ndogo kabisa, lakini lazima iwe kila siku na santé (kituo cha afya) ya karibu iwe nayo, ikikatika ghafla anaanguka zaidi kuliko mwanzo. Sisi tulihesabu safari ya boti. Hatukuhesabu kidonge.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema tukusanye hela za kurudisha watu makwao nauliza hela ya mwezi wa pili iko wapi. Kumrudisha ni siku moja. Dawa, sabuni, mtu wa kubaki naye mama akienda shamba, shefu wa kijiji kujua kwamba huyu si mchawi na si aibu, hiyo ni miaka. Yule Grégoire Ahongbonon aliyekuwa fundi wa matairi Côte d'Ivoire, anayefungua wagonjwa waliofungwa minyororo kwenye miti, alijifunza mapema kwamba lazima kuwe na pahali karibu na kijiji pa kuchukua dawa, la sivyo anayerudi leo atafungwa tena kesho. Nafikiri pesa igawanywe kinyume na tunavyozoea, kidogo kwa safari, nyingi kwa yanayofuata, na kama hakuna ya yanayofuata basi tuseme wazi tunahamisha mzigo kutoka Goma kwenda Idjwi.

Kuna wanaosema dawa ya yote ni kujenga kituo kikubwa, wawekwe humo, wale, walale. Ninawaelewa, hasa kwa yule ambaye kwao hakuna tena, au kwao ndiko alikopigwa. Bukavu kuna Heri Kwetu, wanajua kazi ya walemavu, hakuna anayekataa. Lakini kituo kikubwa bila kazi ya kutafuta kinakuwa ghala. Convention ya walemavu ambayo Congo iliitia mkono mwaka 2015 inasema mtu ana haki ya kuishi kati ya watu, Konstitisio ya 2006 kwenye artikle 49 inataja ulinzi wa pekee, na sheria ya Mei 2022 ya walemavu imeandikwa vizuri, nimeisoma. Ningefurahi zaidi kuona daftari moja kwa shefu wa avenyu. Nyumba kumi, yule kiongozi wa nyumba kumi, anajua nani amefika jana na nani anapika kanyanga, hawezi kushindwa kuandika kwamba nyumba ya tatu kuna msichana asiyejua kutaja jina, ana kovu goti la kushoto, anaitikia kwa Kihunde, mama yake namba hii. Ifanyike kabla hajapotea. Nilimwambia shefu mmoja hivyo, akaniuliza daftari nani atanunua. Nikanunua. Amelijaza michango ya matanga.

Na yeye mwenyewe, kuna aliyemuuliza? Hata mimi sikumuuliza mara ya kwanza, nilimpandisha boti kama mfuko. Kutojua kusema si kutojua kutaka. Mara ya pili mama wa sambaza alimuuliza kwa Kihavu kama anataka kurudi kwa kaka. Akaonyesha ziwa kwa kidevu, akakaa chini, akaanza kufunga fundo. Mama anasema hiyo ni ndio. Mimi nimeona ni ndio na hapana pamoja.

Tunangoja santé ya kule ijibu kama ile dawa itakuwepo kila mwezi, kwa maana mara hii kaka ameweka hiyo kuwa sharti lake. Kwa sasa mama alikata kipande cha kitenge, akaandika namba ya kaka kwa bic isiyofutika, akakishonea ndani ya kola ya shati lake, ili hata akivuka barrière au akifika Sake mtu aweze kupiga. Motari (waendesha pikipiki) wawili wameshapiga ile namba, nilifurahi kusikia. Juzi jumapili nikapita Birere kumuona. Watu wa kanisa fulani walikuwa wamepita kabla yangu, wamemuogesha vizuri, wamemvalisha shati jipya, jeupe. La zamani walikuwa wamelitupa.